Sechelela kwa Dakika Nne

Chang'ombe, Dodoma
12 Machi 1995

Mdogo wangu Fabian,

Hujambo wewe? Wifi na watoto hawajambo? Huku kwetu tu wazima. Mama miguu inamsumbua ila anakula, na juzi alikwenda sokoni na kurudi bila kumshika mtu mkono. Mvua imekatika mapema, uwele umedumaa, lakini hilo si jipya.

Salamu zimeisha. Sasa nikuulize: umefanya nini?

Alhamisi nilikwenda Makole kununua uzi na zipu kwenye duka la Mehnaz. Kaseti ilikuwa inaimba pale kaunta. Gitaa tamu, kinanda kitamu, wasichana watatu wanaitikia. Sikujali. Halafu nikasikia neno lenyewe: Sechelela. Nikasikia tena. Zipu ikanitoka mkononi. Mehnaz akacheka, akanionyesha jalada lenye picha yako umevaa miwani ya jua, na nyuma yako Bashiri na Parth wamevaa mashati ya maua.

Akasema, "Dada Yudith, si ndiyo bendi yenu hii? Safari hii mmeimba vizuri. Hata mama yangu ameupenda."

Safari hii! Miaka kumi na minane ya Vumbi la Umeme, na leo ndiyo tumeimba vizuri.

Nikukumbushe, kwa sababu Dar es Salaam inaonekana imekufuta. "Sechelela" ulikuwa wimbo wa dakika ishirini na moja. Tuliutengeneza mwaka sabini na nane, katika stoo ya nyuma ya duka la baba yake Parth. Parth aliunguruma kwa kinanda kama injini ya lori. Wewe ulilikwaruza gitaa kwa kipande cha bomba. Mimi nilipiga ilimba, marimba yetu ya vidole, kwa mdundo ambao haukulingana na ngoma ya Bashiri hata mara moja, na tulifanya hivyo kwa makusudi. Halafu nikaita neno lile mara kumi na moja, kama Mama alivyoita siku tuliyohamishwa.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili, huwezi kusema hukumbuki. Tulikuwa ndani ya lori, wewe umekaa juu ya gunia. Yule bwana wa kipaza sauti alikuwa anatuambia tuwe na furaha, tunakwenda kwenye kijiji kipya. Mama akasimama, akashika mbao za lori, akapiga kelele kwa Kigogo: Sechelela! Shangilia! Watu wote walinyamaza. Hakuna aliyemjibu mtu yule vikali kama Mama alivyomjibu kwa neno moja. Hayo ndiyo niliyokuwa naimba. Yalikuwa matusi, Fabian. Matusi ya mama yetu.

Na wewe umeyafanya wimbo wa harusi. "Sechelela, tucheze pamoja." Dakika nne!

Sijawahi kukuonea haya mbele za watu hadi Alhamisi ile.

Dada yako,
Yudith


Magomeni, Dar es Salaam
2 Aprili 1995

Dada,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama mnaendelea vizuri. Mwambie nimempata mtu anayeuza dawa nzuri ya kuchua miguu, nitaituma. Sisi wazima. Mtoto wa pili ameanza shule.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, Bashiri akisikiliza. Akasema, "Huyu hajabadilika." Sikujua kama anakusifu.

Unazungumza kama mtu aliyekuwepo. Hukuwepo. Shirika lililoiajiri bendi yetu lilipouzwa na vyombo vikapakiwa kwenye gari kwenda kupigwa mnada, wewe ulirudi nyumbani kushona sare za shule. Sikulaumu, ulipunguzwa kazi kama wengine. Lakini mimi niliendelea. Mimi nilizunguka na Bashiri na Parth kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine kuomba vyombo vya watu. Mwaka tisini na moja, Morogoro, tuliupiga "Sechelela" mzima mbele ya watu kumi na mmoja. Niliwahesabu. Wanne walikuwa wameingia kukwepa mvua. Ilipokatika, wakatoka, na sisi tulikuwa bado hatujafika katikati.

Zamani tulijisifu kwa mambo hayo. Watu wakitoka ukumbini wewe ulikuwa unatabasamu, usikatae. Tulikuwa tunasema hawajafika tulipofika. Dada, nani alituambia kwamba mtu akitoka ukumbini ni kosa lake?

Mimi nimechoka kuimba juu ya watu wa kwetu kwa namna ambayo watu wa kwetu hawawezi kuisikiliza. Mama mwenyewe hajawahi kumaliza kuusikiliza wimbo ule. Alikuwa anainuka anakwenda jikoni. Ulidhani alikuwa anakwenda kufanya nini?

Sasa redio mpya zimefunguliwa, kila mtu anasikiliza anachotaka. Nimechukua neno la Mama, nimelirudishia maana yake. Sechelela ni kushangilia. Kama yeye siku ile hakuweza kushangilia, basi acha wengine washangilie kwa niaba yake. Makondakta wanauimba. Wauguzi wanauimba wodini. Jana nimepita msibani, baada ya matanga watoto walikuwa wanauimba. Umewahi kuandika kitu ambacho mtoto anaweza kukiimba?

Nimempa mtu kaseti ailete kwa Mama. Mpigie asikilize. Yeye ndiye mwenye neno, yeye aamue.

Mdogo wako,
Fabian


Chang'ombe, Dodoma
20 Aprili 1995

Fabian,

Hujambo. Sisi hatujambo. Dawa ya miguu imefika, Mama anashukuru.

Kaseti nayo imefika. Nimeifungia kwenye kabati la vitambaa na ufunguo ninao mimi. Sitampigia. Mwanamke wa miaka sitini na tano hawezi kukalishwa kwenye kigoda asikilize uchungu wake ukipigwa gitaa la kubembeleza.

Unaniambia nilikuwa natabasamu watu wakitoka. Ndiyo, nilitabasamu. Lakini hukuwaangalia waliobaki. Pale Kongwa, mwaka themanini na mbili, kuna mzee alibaki peke yake kwenye safu ya nyuma, amevua kofia. Tulipomaliza alinifuata akasema, "Binti, hata mimi nilikuwa kwenye lori." Huyo mmoja ananitosha. Wewe endelea na makondakta wako.

Na usiniandikie tena kwamba umelirudishia neno maana yake. Neno lilikuwa na maana. Umelitoa meno.

Dada yako


Magomeni, Dar es Salaam
9 Mei 1995

Dada,

Shikamoo, kwa kuwa hiyo hata ukinitukana ni haki yako.

Naandika kwa kifupi, tuna mazoezi. Kuna watu wa kampeni wametukodi kuzunguka nao mikoani kabla ya uchaguzi wa Oktoba. Si lazima nikwambie ni chama gani, maana utanitukana kwa chochote kile. Dodoma tutapiga Jumamosi tarehe 19 Agosti, saa tisa mchana. Wanautaka wimbo mmoja tu kuliko zote, na unaujua.

Mama nitamwekea kiti mbele kabisa. Na kwako kuna kipaza sauti. Nasema kwa moyo mmoja: njoo uimbe. Uimbe hata kwa hasira, sauti yako inaweza kuibeba. Wale wasichana watatu hawafiki hata nusu yako, na wanalijua hilo, maana nimewaambia.

Ukikataa, basi kaa nyumbani, lakini Mama mwachie aje.

Mdogo wako,
Fabian


Chang'ombe, Dodoma
3 Julai 1995

Fabian,

Hujambo. Naomba ukae chini kabla hujaendelea kusoma.

Nilichelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na jibu la kukukata. Nililiandika, nikalichana. Sasa nina jambo lingine, na sijui nimkasirikie nani.

Jumamosi iliyopita jirani yetu Batuli alikuwa anamuaga binti yake Ruthu, anayeolewa Singida. Uani kwao kulijaa watu, wamekodi redio kubwa yenye spika mbili. Mama alivaa khanga zake mpya, akakaa na wazee wenzake. Walipoletwa maharusi, wakaweka kaseti yako. Sikuwa na la kufanya, ufunguo wa kabati langu haufungi makabati ya watu.

Watu wakainuka. Wanatikisa mabega, wanazunguka, wanapeperusha leso, na kila mnapofika pale wanaitikia wote kwa mpigo: Sechelela! Nilimtazama Mama. Mwanzoni alikuwa ametabasamu, tabasamu la mtu asiyesikia vizuri. Halafu akasikia. Akauliza aliye karibu naye, "Wanamwita nani?" Yule akamwambia, "Ni wimbo wa mwanao, mama, cheza!"

Mama akainuka. Na miguu ile ile. Akapita katikati ya wachezaji, akachukua sufuria la maji ya kunawia mikono, akalimwaga lote juu ya redio. Ikapiga cheche, ikazima. Bibi harusi akaanza kulia. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema moyoni, sasa Fabian amepata hukumu aliyoitaka.

Nikamchukua nyumbani. Nikamvua viatu, nikamwambia, "Mama, umefanya sawasawa. Nilimwambia Fabian asiichezee hasira yako."

Akaniuliza, "Hasira gani?"

"Ile ya kwenye lori. Ulivyomjibu yule bwana wa kipaza sauti."

Akaniangalia kama mgeni. Akasema, "Bwana gani? Mimi sikumwona bwana yeyote. Nilikuwa namuaga dada yenu."

Fabian, tulikuwa na dada. Alizaliwa kabla yangu, mwaka wa njaa. Aliishi miezi saba. Aliitwa Sechelela kwa sababu bibi alifurahi kupata mjukuu. Alizikwa nyuma ya boma letu la zamani, wakaweka mawe matatu. Siku ya lori Mama alimwita kwa sababu tulikuwa tunaondoka na yeye anabaki.

Nikamwuliza mbona hukutuambia. Akasema alidhani Baba alituambia, na Baba naye nadhani alidhani vivyo hivyo, na amekufa. Akasema, "Mlipoanza zile kelele zenu nikasema basi, watoto wamejua, wana namna yao ya kumlilia dada yao. Masikio yangu hayakuweza, nikawa nakwenda jikoni. Lakini nilijua ni kilio. Leo nimeona watu wanamkatia viuno mwanangu."

Ndipo akaniangalia akaniuliza mimi, si wewe: "Na wewe kumbe hukujua? Basi miaka yote ile ulikuwa unalia nini? Ulikuwa unamtukana nani kwa jina la mwanangu?"

Siku ya tatu sasa hajanisemesha ila kuomba maji.

Futa wimbo ule. Futa kila mahali.

Dada yako,
Yudith


Chang'ombe, Dodoma
1 Agosti 1995

Fabian,

Hujambo.

Mwezi mzima. Barua nilimpa dereva wa basi mkononi, akaniambia amekukabidhi wewe mwenyewe, ukaisoma umesimama. Kwa hiyo unajua.

Mabango yako yamebandikwa kuanzia stendi hadi Miyuji. Yameandikwa kwa herufi kubwa: SECHELELA. Mama hajui kusoma, namshukuru Mungu kwa hilo kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Bango moja lilikuwa kwenye ukuta wa Batuli, nimelichana kwa kucha.

Ukiupiga wimbo ule tarehe kumi na tisa, usije ukanijua.

Yudith


Magomeni, Dar es Salaam
27 Agosti 1995

Dada,

Shikamoo. Mama anaendeleaje?

Sikukujibu kwa sababu kila nilipoanza nilikuta najitetea. Niliandika kwamba hata wewe hukujua. Niliandika kwamba wangetuambia. Yote ni kweli na yote niliyachana. Nikamwendea mwenye studio, nikamwambia aache kuirudufu ile kaseti. Akanicheka. Akanitoa nje akanionyesha meza barabarani, watu wanauza nakala ambazo hata yeye hazijui. Akasema, "Unataka nizuie upepo?" Nilimsukuma. Ilibidi Bashiri atutenganishe.

Sijui kama ulikuja uwanjani. Nilikutafuta kwa macho sikukuona, kwa hiyo nakueleza.

Asubuhi ile nilimwambia Parth na Bashiri kwamba "Sechelela" hatupigi. Sikuwaambia sababu, si yangu kuigawa. Parth akasema, "Fabian, watu hawa wote wamekuja kwa ajili ya wimbo mmoja." Nikasema ninajua. Tukapiga nyimbo zingine saba, watu wanapiga makofi ya heshima. Halafu wakaanza kuuita. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Huo leo haupo." Wakacheka, wakadhani ninawatania. Wale waliotukodi wakapanda jukwaani, mmoja akaninong'oneza kwamba nisipopiga tutarudi Dar kwa miguu. Bashiri akaogopa, akaanza kupiga ngoma ya mwanzo. Nikamgeukia, nikamnyang'anya fimbo, nikazivunja gotini. Miaka kumi na minane, sijawahi kumgusa Bashiri.

Ikawa kimya. Nikadhani nimeshinda.

Dada, wakaimba wenyewe. Uwanja mzima. Akina mama, wanafunzi, polisi waliokuwa wanalinda. Hawakuhitaji gitaa wala kinanda. Wanajua kila neno, wanajua pa kupiga makofi, wanajua pa kuitikia. Waliimba tangu mwanzo hadi mwisho na mimi nimesimama pale na fimbo zilizovunjika. Niliutengeneza uwe rahisi kiasi hicho. Walipomaliza walinishangilia.

Nilikwenda moja kwa moja stesheni. Treni ilikuwa bado masaa mengi, ningeweza kufika kwenu na kurudi mara tatu. Nilikaa kwenye benchi. Sikuweza kumwangalia Mama usoni.

Unaniita mwoga moyoni mwako. Andika tu.

Mdogo wako,
Fabian


Chang'ombe, Dodoma
10 Septemba 1995

Fabian,

Mwoga. Nimeandika.

Nilikuwepo uwanjani, nyuma kabisa. Niliona ulivyovunja fimbo. Niliona yaliyofuata. Nikakimbia nyumbani nikijua utakuja, nikamwambia Mama Fabian anakuja. Akapika mwenyewe, ugali wa uwele na mlenda, akatandika mkeka mlangoni. Tulikaa. Chakula kikapoa, akakifunika. Kila gari likipita anainua kichwa. Ilipofika jioni akasema, "Labda ana kazi." Na wewe ulikuwa umekaa kwenye benchi, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu!

Wimbo nimekusamehe, au niseme sina ubavu wa kutokukusamehe, maana nami ninao wangu. Ule mkeka sijakusamehe.

Nami nimemwomba Mama radhi. Nilipiga magoti. Akaniambia niinuke, nguo ya watu niliyokuwa nashona itachafuka. Hakusema lingine. Ila baada ya siku mbili alisema anataka kwenda kwenye mahame yetu, alikozikwa dada, kabla mvua hazijaanza, na anataka tuwe wote wawili.

Emanueli wa ushirika atatupa pikapu Jumamosi tarehe 14 Oktoba, saa mbili asubuhi. Usije na gitaa. Usije na Parth wala Bashiri. Usije na maneno uliyoyaandaa.

Dada yako,
Yudith


Chang'ombe, Dodoma
22 Oktoba 1995

Mdogo wangu Fabian,

Natumaini ulifika salama, na nyumbani umewakuta wazima. Mama mzima. Tangu uondoke analala vizuri. Anasema umekonda, wifi akupikie.

Hatukuzungumza njiani wakati wa kurudi, na stendi ulipanda basi kama mtu anayefukuzwa. Nadhani najua kwa nini, ndiyo sababu ya barua hii.

Ulijua kwamba hatutayapata yale mawe? Mimi nilijua tulipovuka korongo tu, nilipoona pote pamelimwa matuta ya karanga. Yule mwenye shamba alikuwa mwungwana, alituonyesha mbuyu ulioanguka, akatuonyesha palipokuwa na zizi la mtu fulani, lakini mawe matatu nani ayakumbuke. Nilimwona Mama anatembea huku na huku katika jua lile, anahesabu hatua kutoka kwenye kitu ambacho hakipo, na nikasikia hasira inanipanda tena, ya kumkasirikia kila mtu, lori, njaa, Baba, karanga. Halafu akasimama. Akasema, "Hapa panatosha."

Akamwita mara moja tu. Wewe ulisikia nilivyosikia mimi. Hakupaza sauti hata kidogo. Ilikuwa sauti ya kumwita mtoto aje kula. Mimi niliimba neno lile mara kumi na moja kila tamasha kwa miaka kumi na mmoja, na wewe umelifundisha nchi nzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisema hivyo.

Kisha akanyamaza, nasi tukanyamaza.

Ndipo nikakuangalia. Ulikuwa umeinamisha kichwa kama mtu anayesali, lakini vidole vyako vya mkono wa kushoto vilikuwa vinatembea pajani. Kimoja, viwili, kimoja. Ulikuwa unatafuta noti ya gitaa. Mama hajamaliza kupumua na wewe ulikuwa unatafuta noti yake! Nilitaka nikuzabe kofi pale pale juu ya matuta ya watu. Ukaniona ninakuangalia, ukaficha mkono mfukoni, na uso wako ukawa wa mwizi. Ndiyo maana ulikimbilia basi. Si ndiyo?

Basi nikuambie nami nililonalo, halafu tusiliongee tena hadi tufe. Nilikuwa nahesabu, kama jukwaani. Tangu Mama aliponyamaza hadi alipoinama kuokota khanga yake, nilikuwa nahesabu kimya kile kilikuwa na urefu gani, ili nikikumbuke. Kilikuwa mapigo kumi na tisa.

Dada yako,
Yudith